Hodi ya Pili

Jumamosi moja saa nne asubuhi tulisimama watu wanne kwenye geti la bati, vipeperushi vya mkutano wa injili mkononi, mwinjilisti mbele akipiga hodi kwa sauti ile ile anayoitumia madhabahuni. Akatoka mama mmoja aliyejifunga kanga, mikono imejaa unga wa chapati hadi viwikoni. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akatutambua. "Nyinyi si ndio mliokuja mwaka jana mkamwombea mwanangu mguu?" Tukachangamka. Ndiyo mama, ndio sisi! "Mbona hamkurudi hata kuuliza kama ulipona?" Hakuwa na hasira. Alipokea kipeperushi kwa ncha za vidole asije akakichafua, akatuambia karibuni tena, akarudi kwenye chapati zake.

Hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika kona ya genge. Hapo mmoja wetu akauliza: ulikuwa mguu upi, wa kulia au wa kushoto? Hakuna aliyekumbuka. Mimi katibu wa jumuiya ndiye niliyesali siku ile, na kwa maelezo ya wenzangu nilisali vizuri sana.

Hodi ya kwanza kila kanisa linajua kuipiga. Tuna vipeperushi, tuna vipaza sauti, tuna nguo za kwaya. Hodi ya pili ndiyo inayotushinda, ile ya kurudi bila jipya la kutangaza, kuuliza tu lile jambo la juzi limefikia wapi. Haya ninayoyaandika tumeyapata kwa kujikwaa, huku Mbagala, katika jumuiya ya Kilutheri yenye familia kumi na nne na hakuna hata mmoja mwenye kipaji cha kutisha.

Hesabu milango

Kosa letu la mwanzo lilikuwa kutaka mtaa mzima. Mtaa mzima haufikiki. Mkiugawa kwa Jumamosi moja mtapita kila mahali na hamtafika popote.

Muundo wa makundi madogo madogo tunao siku nyingi. Tangu miaka ya 1960 TANU iliwapanga watu kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikubaliana mwaka 1973 na wakatilia mkazo tena mwaka 1976 kwamba kanisa liishi katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Nasi Walutheri tunakutana nyumba kwa nyumba kwa zamu. Kasoro ni kwamba jumuiya zetu nyingi zimegeuka sebule ya wenyewe. Tunaimba, tunasoma neno, tunakumbushana bahasha za ujenzi, tunakunywa chai, tunatawanyika. Jirani wa ukuta mmoja anachojua kuhusu sisi ni viatu vilivyojaa mlangoni.

Basi chagueni kumi tu. Na kwa mjini, hesabuni milango, msihesabu nyumba. Nyumba moja ya kupanga yenye vyumba sita ina familia sita, choo kimoja, mita moja ya umeme na ugomvi wa kudumu kuhusu nani hakuchangia LUKU. Kwa huduma hii ni milango sita. Milango kumi kwa watu wanane au kumi wa jumuiya inatosha kabisa, na ikiwa inawaelemea, punguzeni ifike sita. Kila mlango uwe na watu wawili wanaoujua, wale wale, na kati yao walau mmoja awe mwanamke. Msipeleke mwanamume peke yake kwa mama aliye peke yake, hata kama ni mzee wa kanisa mwenye mvi za kutosha. Mtaa una macho, tena una haki ya kuwa nayo.

Kabla ya kutoka, kuna usafi wa kwanza. Katika ule uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Bukoba hadi Kenya, waliookoka walijulikana kwa kuwarudia majirani, wakiungama na kurudisha walivyoiba. Majirani walijua kuna jambo kabla hawajasikia hubiri. Sisi siku hizi tunataka kumwombea jirani ambaye maji ya karo yetu yanatiririkia uwanjani kwake. Jumuiya yetu ilipokaa kujipima, ilionekana mwenzetu mmoja ana deni la mkaa kwenye genge la mlango wa tatu, mwingine hajasemeshana na mlango wa nane tangu kesi ya kuku. Mimi mwenyewe redio yangu ya asubuhi ilikuwa inaamsha mtoto wa watu. Tulilipa mkaa. Kuku tulimwachia mwenyekiti wa jumuiya, ikachukua wiki mbili. Redio niliihamishia chumbani.

Hapo hapo niseme la mkesha. Jumuiya ikikesha na spika mbili zimeelekezwa barabarani, kazi yote ya miezi mitatu inafutwa kwa usiku mmoja. Mamlaka za mazingira hupokea malalamiko ya kelele, na makanisa yamo kwenye orodha pamoja na baa. Mungu anasikia bila spika. Jirani mwenye zamu ya alfajiri anasikia vizuri zaidi, na hapo ndipo penye shida.

Mlangoni

Ukifika, salimu kama mtu wa mtaani. "Bwana Yesu asifiwe" ni salamu ya sisi kwa sisi. Kwa asiyeitumia inamlazimu ama aitikie asichokiamini ama akae kimya aonekane mkosa adabu. Mzee mpe shikamoo yake. Wa rika lako muulize habari za toka juzi. Hodi ni mara tatu, na kimya baada ya ya tatu maana yake nenda. Watu wetu wa kanisani wanaijua kanuni hii kila siku isipokuwa siku ya ushuhudiaji, hapo wanagonga mpaka bati linalia.

Saa nzuri kwetu ni kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Asubuhi mama lishe na wauza vitafunwa wako kwenye mbio. Magharibi wenzetu Waislamu wanajiandaa kwa sala. Ijumaa mchana usiende. Saa mbili usiku kuna taarifa ya habari, na baada ya hapo watu wamechoka. Wakati wa Ramadhani ahirisha ziara, au kama mmezoeana, peleka sahani ya futari kabla ya adhana na uondoke: magimbi, mihogo, tambi, chochote ulicho nacho. Ila hakikisha sufuria uliyopikia haijawahi kupikiwa kitimoto. Sisemi kwa nadharia. Tuliwahi kuulizwa, tukatazamana, na aliyepika akasema ukweli. Sahani ilirudi nzima, na aliyeulizwa aliheshimiwa zaidi kwa jibu lake kuliko angeheshimiwa kwa mihogo. Tangu hapo tuna sufuria moja ya jumuiya, imepakwa alama ya rangi ya bluu, kwa kazi hiyo tu.

Swali lenyewe liwe moja na jepesi: "Tunakutana Jumatano kuomba. Kuna jambo ungependa tulikumbuke?" Halafu nyamaza. Ukimya huu ni mgumu kwa watu waliozoea kuhubiri, lakini ndani yake mtu anapata nafasi ya kuamua. Mwingine atasema hapana asante, nawe ushukuru na kuzungumzia mvua. Mwingine atakwambia ombeni amani ya nchi, yaani hajakuamini bado. Wengi watataja jambo dogo lenye tarehe: mtoto anafanya mtihani wa darasa la saba, mwenye nyumba amesema mwisho wa mwezi, bodaboda imekamatwa na iko kituoni. Furahia mambo yenye tarehe. Yanakupa siku ya kurudi.

Akikubali kuombewa pale pale, uliza: "Tuombe sasa, au tukakuombee kwetu?" Muislamu mara nyingi atachagua la pili, na hilo ni jibu kamili. Akichagua la kwanza, sali dakika moja, usizidishe mbili. Sali kwa Kiswahili cha kawaida, ukitaja jambo alilolitaja kwa maneno aliyolitajia. Kama alisema mguu, sema mguu. Usimwekee mikono bila kumwomba ruhusa. Usikemee kitu. Usiingize laana ya ukoo wala mizimu ya babu, kwa sababu mtu aliyekuambia ada ya shule imekwama hakukuambia ana mizimu. Na usigeuze sala kuwa hubiri la kumpiga kisogo, lile la "Bwana mfungue macho ndugu huyu aione njia" naye amekaa mbele yako, macho yake wazi anakutazama. Mtoto usimwombee wala usimfundishe wimbo mzazi akiwa hayupo.

Ugonjwa una sharti lake. Ombea, kisha uliza kliniki ni lini, na ikiwezekana umsindikize. Mwaka 2011 tuliona misururu ya magari kuelekea Samunge, Loliondo, watu wakifuata kikombe cha dawa cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali wakidhani wamemalizana nazo. Anayetumia dawa za kifua kikuu ana miezi sita ya kumeza bila kuruka, wa ARV ni maisha yote, wa presha vivyo hivyo. Yeyote katika jumuiya atakayemwambia jirani kwamba imani na vidonge havikai pamoja aondolewe kwenye kazi hii siku hiyo hiyo. Hapa sina simile.

Daftari, na dirisha lililokuwa wazi

Tulinunua daftari la kawaida la kurasa 48. Lina mistari mitatu kwa kila mlango: jambo, tarehe tuliyoambiwa, tarehe ya kurudi. Hakuna majina, kuna namba za milango. Hakuna jina la ugonjwa wowote. Tunaandika "afya" basi. Daftari linakaa kwa mtu mmoja, halipigwi picha, haliingii kwenye kundi la WhatsApp.

Sheria hizi hatukuzipata kwenye semina. Jumatano moja tulikutana nyumba ya kupanga, chumba cha mbele. Mwenzetu mmoja, kwa upendo kabisa, akaomba kwa sauti: Bwana umkumbuke dada wa chumba cha tatu ambaye mumewe ameenda kuishi na mwanamke mwingine. Dirisha lilikuwa wazi. Upande wa pili wa dirisha dada yule alikuwa anaanika nguo. Nilimwona kupitia pazia akiwa ameshika shati la mtoto kwa mikono miwili, hajalipandisha kambani, hajalishusha. Kisha akalirudisha kwenye beseni likiwa bichi, akabeba beseni, akaingia ndani. Nilienda kumwomba radhi jioni ile. Alinipokea, akaniletea maji ya kunywa, hakuniambia neno tena. Mwezi uliofuata alihama.

Kwa hiyo sasa, jambo la jirani tunalolitaja kwa sauti ni lile tu alilosema tunaweza kulitaja, na tunamuuliza waziwazi: niwaambie wenzangu, au libaki kwangu? Yanayobaki kwako unayaombea kwako, chumbani, mlango umefungwa, kama Yesu alivyoagiza kwenye Mathayo sura ya 6. Majibu ya vipimo vya UKIMWI yana ulinzi wa sheria pia, ile ya mwaka 2008, lakini usingoje sheria ikufundishe kunyamaza.

Huduma huanza watu wakishaondoka

Mtu akisikia neno huduma hufikiria magunia ya mchele na picha ya pamoja. Picha kwanza: hakuna. Hakuna hata moja, hata ya kumbukumbu, hata mchungaji akiitaka kwa ripoti ya diakonia. Mpeni ripoti ya maneno.

Fedha nazo si nyingi kama watu wanavyoogopa. Watu kumi na wawili wakitoa shilingi 1,000 kila wiki, kwa mwezi ni 48,000. Inalipa nauli za kliniki, inanunua daftari na sare za mkono wa pili, inaziba pengo la LUKU. Kanisani yai moja la mnada tunalinunua kwa bei ya trei, tena kwa vigelegele. Jirani akihitaji trei yenyewe mkono unakuwa mzito. Msikopeshe. Mkopo wa kanisa huharibu ujirani haraka kuliko kuku. Toeni kidogo mlicho nacho, mkononi, bila bahasha yenye mhuri.

Lakini mahali ambapo mtaa hupima watu ni msibani, na hapa nitakaa kidogo.

Msiba hauna hodi. Ukisikia kilio unakwenda, na saa ya kwanza wafiwa hawahitaji hotuba ya faraja. Wanahitaji mtu wa kutoa makochi sebuleni na kutandika majamvi, wa kuazima viti na turubai, wa kujaza mapipa maji kabla bomba halijakatika, wa kuchaji simu ya mwenye msiba maana ndiyo inayopigwa na wote, na mmoja mwenye mwandiko mzuri wa kukaa na daftari la rambirambi. Gawaneni kazi hizo mapema, kabla mtu hajafa, kama vile timu inavyojua nani golikipa. Kama mtaa ni mchanganyiko na kuna ng'ombe au mbuzi, achinje Muislamu, ili kila mtu ale kwenye sinia moja. Hili wazee wetu walilimaliza zamani, msilifufue kwa ubishi.

Msiba wa Muislamu una mwendo wa haraka. Mara nyingi maziko ni siku hiyo hiyo, kwa hiyo ukisubiri kikao cha jumuiya utakuta kaburi limeshafukiwa. Wanaume wetu hufuata jeneza hadi makaburini na kupokezana kulibeba. Wanawake tunabaki nyumbani na wenzetu, jikoni na majamvini. Hatuimbi mapambio. Tukitaka kuomba, tunaomba Jumatano kwetu.

Mwaka jana alikufa mume wa mama wa chapati. Tulifanya hayo yote na mtaa mzima ulifanya pia, wala hatukuwa bora kuliko wengine. Matanga yalipoanuliwa, turubai likashushwa, ndugu wa Kilwa wakapanda basi, viti vikarudi kwa wenyewe. Hapo ndipo mlango wa geti la bati ulipokuwa mtupu. Na mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi. Anakaa ndani, hatoki ila kwa dharura. Sasa nani ataenda sokoni? Nani atapeleka chapati stendi, na ndiyo riziki ya nyumba?

Nilipiga hodi siku ya kumi, na mzee wa kanisa, mama mwenzangu. Hatukuuliza kama anahitaji msaada, maana jibu la swali hilo duniani kote ni "tunashukuru, tuko sawa". Tuliuliza unga anaununua wapi. Akatuambia, pamoja na bei, na jina la mafuta anayoyapenda, na kwamba tukiletewa mafuta mengine tuyakatae. Tukapanga. Mama mwenzangu alinunua unga kila Jumatatu. Vijana wawili wa kwaya walichukua beseni saa kumi na mbili alfajiri, wakauza stendi, wakaleta fedha saa nne. Siku ya tatu hesabu ilipungua chapati nne. Tulimhoji kijana, akakiri kwamba zilikuwa za moto na alikuwa hajanywa chai. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akasema kuanzia kesho nitawawekea za kwao pembeni.

Ilikuwa miezi minne. Si kila wiki ilikwenda vizuri. Mtihani wa shule ulipofika kijana mmoja alijitoa, na kuna siku tano nzima chapati hazikwenda popote kwa sababu mimi nilisahau kumtafuta mwingine. Mama hakulalamika, ila niliiona kwenye rafu, ile chupa ya mafuta haikupungua. Ndiyo maana nasema milango kumi, tena sita ni bora. Yule Msamaria wa Luka 10 alitumia alivyokuwa navyo safarini, mafuta, divai, mnyama wake na dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, kisha akaendelea na safari yake. Wahubiri hukaa sana kwenye mafuta na divai. Mimi hupenda kwamba alimwahidi mwenye nyumba ya wageni kupitia tena akirudi.

Hospitalini jambo ni lile lile, kurudi, na kuna huduma moja ambayo jumuiya nyingi hazijaifikiria: damu. Mgonjwa akihitaji upasuaji au mzazi akipoteza damu, ndugu huombwa wachangiaji, na ndugu wako Mtwara au Singida. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwenye afya. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Andikeni orodha ya wanajumuiya wanaofaa na tarehe waliyochangia mara ya mwisho. Siku simu ikilia hamtaanza kutafutana. Kwenye chupa ya damu hakuna anayeuliza dhehebu.

"Sasa tutahubiri lini?"

Swali hili hutoka kila baada ya miezi miwili, kwa kawaida kwa mtu ambaye hajaenda mlango wowote. Si swali baya. Sisi ni Wakristo, hatuoni haya kumtaja Yesu, na atakayesema tunasaidia tu bila sababu anadanganya. Jibu langu ni kwamba tutahubiri tutakapoulizwa, na watu huuliza. Huuliza kwa upande: kwani nyinyi mnapata faida gani? Nani anawalipa? Hapo jibu kwa ukweli na kwa ufupi, lililokupata wewe mwenyewe, muda wa kikombe kimoja cha chai. Akitaka zaidi atasema. Asipotaka, unga wa Jumatatu upo pale pale.

Ila msifunge msaada na kanisa. Baba mmoja aliwahi kutuuliza, nikija Jumapili mtanilipia kodi? Tulimwambia kodi tumechanga nusu tayari, Jumapili ni hiari yake. Hakuja. Bado mlango wake tunaupitia. Na ukikutana na Mkatoliki aliyeacha kwenda kanisani, mrudishe parokiani kwake, kwenye jumuiya yake. Kuwachukulia Wakatoliki watu wao kisha kuhesabu kuwa umeokoa roho ni kuhamisha kondoo zizi, wala si uvunaji.

Kuna milango itakayokataa moja kwa moja. Mlango wa tisa wametukataa mara tatu, kwa adabu. Kwenye daftari tumeandika "salamu tu", na tukipita tunasalimu tu. Kuna anayewaombea, na hawajui, na hatutawaambia.

Mtoto wa mama wa chapati, kwa taarifa yenu, ulikuwa mguu wa kushoto. Ulipona kwa plasta ya wiki sita. Anacheza beki.

Ukurasa wa wiki hii uko wazi mezani ninapoandika. Mlango wa pili, mwenye nyumba ameongeza mwezi mmoja. Mlango wa nane, kuku wapya, tuwe macho. Mlango wa sita, binti alifanya usaili wa kazi ya karani na aliambiwa majibu ni Jumatano. Leo ni Alhamisi, na saa kumi inakaribia.